Friji Kujaa Barafu na Kompresa Kusumbua: Maswali Tunayoulizwa Kila Mara Dar es Salaam

Maswali haya humfikia fundi friji yeyote wa Dar es Salaam, awe Mbagala au Bunju. Yasome kabla hujapiga simu. Mengine utayamaliza mwenyewe nyumbani bila kutoa hela. Yaliyobaki yatakusaidia kujua umuulize nini fundi akishafungua mkoba wake.

Friza yangu inajaa barafu mpaka droo hazitoki. Ni kawaida?

Inategemea una friji ya aina gani. Kuna friji za kawaida, ambazo bomba la kupoza limepita kwenye kuta za friza yenyewe au kwenye rafu zake. Hizi lazima zigande barafu. Halafu kuna nofrosti, ambazo zina feni ndani na matundu ya kupitishia hewa, na ukutani huoni kitu zaidi ya plastiki nyeupe. Ukiona barafu nene kwenye nofrosti, ujue kuna kitu kimeharibika.

Barafu inatokana na unyevu wa hewa, na hewa ya Dar ina unyevu mwingi mwaka mzima, hasa masika kuanzia Machi hadi Mei. Kila unapofungua mlango, hewa ya ubaridi inamwagika chini na hewa ya jikoni inaingia ikiwa na maji yake. Maji hayo yanaganda kwenye sehemu yenye ubaridi kuliko zote.

Wengi wakiona barafu nene wanaamini friji inapiga kazi vizuri. Ni kinyume chake. Barafu inakaa kati ya chakula na bomba la kupoza, inazuia joto la chakula kuondoka, na kompresa, ile mota ya chini nyuma inayosukuma gesi, inalazimika kuzunguka muda mrefu zaidi. Ikifika unene wa milimita 5 hivi, iyeyushe.

Nimeyeyusha wiki iliyopita, barafu imerudi yote. Kwa nini?

Anza na raba ya mlango. Chukua noti ya elfu moja, ifungie mlangoni nusu ndani nusu nje, kisha ivute taratibu. Ikivutana nawe kidogo, raba ni nzima. Ikitoka yenyewe, hapo pana uwazi. Zunguka mlango wote, hasa kona ya chini upande wa bawaba, maana ndiko raba inakochoka mapema. Njia nyingine ni kuwasha tochi ya simu, kuiweka ndani usiku, kuzima taa ya jikoni na kuangalia kama mwanga unapenya.

Kabla ya kununua raba mpya, osha ya zamani kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Mafuta ya mchuzi na sukari ya juisi vinajikusanya kwenye mikunjo yake na kuifanya isishike. Ikiwa imejikunja, ikande kwa kitambaa kilicholowa maji ya moto, ivute irudi kwenye umbo lake, kisha funga mlango kwa saa kadhaa. Raba iliyochanika haina dawa, badilisha.

Angalia na mambo mengine. Friji isimame ikiwa imeegemea nyuma kidogo ili mlango ujifunge wenyewe. Supu, uji na maharage ya moto yapoe kwanza nje na yafunikwe, maana mvuke wote utaishia ukutani mwa friza. Kama unauza maji ya baridi, barafu za ubuyu au juisi za pakiti hapo nyumbani, mlango unafunguliwa kutwa nzima, kwa hiyo utayeyusha mara nyingi kuliko jirani yako na hilo si ubovu. Kama unaweza, vitu vya biashara vikae kwenye friza ya mlango wa juu. Hewa yake ya baridi haimwagiki ovyo unapofungua.

Swichi ya themostati, ile ya kupangia ubaridi, nayo ina watu wake wanaoiweka namba ya juu kabisa mwaka mzima. Kwa joto la Dar kompresa inaweza isizime kabisa ikiwa namba hiyo, na barafu itaendelea kupanda. Weka katikati. Ndani ya friji panatakiwa pawe nyuzi joto 4 hivi, na friza iwe nyuzi 18 chini ya sifuri. Kipimajoto kidogo cha friji kitakwambia ukweli zaidi ya mkono wako.

Naweza kukwangua barafu kwa kisu?

Hapana. Tafadhali sana, hapana.

Ukuta wa friza nyingi ni bati jembamba la aluminiamu, na ndani yake imepita mifereji ya gesi ya kupozea. Ncha ya kisu au bisibisi ikiteleza kidogo tu, utasikia "sss" fupi, basi. Gesi imetoka. Na kompresa ikiendelea kuzunguka, inavuta maji ya barafu iliyoyeyuka kupitia tundu lile mpaka ndani ya mfumo, na maji yakishachanganyika na oili ya kompresa, kazi iliyokuwa ya kuziba tundu inageuka kuwa ya kusafisha mfumo mzima au kubadilisha kompresa. Ikikutokea, chomoa friji ukutani sekunde hiyohiyo, fungua madirisha, usiwashe kiberiti wala jiko. Friji nyingi za sasa zina gesi ya R600a, nayo inawaka moto.

Njia salama ni hii. Zima na uchomoe. Toa vyakula, vifungie kwenye deli au kwenye boksi pamoja na mablanketi. Tandika kitambaa kinene ndani ya friza, juu yake weka sufuria ya maji ya moto, funga mlango kwa dakika 10 au 15, badilisha maji, rudia. Mapande yakianza kuachia, yatoe kwa mkono au kwa mwiko wa mbao. Unaweza pia kuacha mlango wazi na kuielekezea feni. Tandika matambara sakafuni kabla, si baada. Maliza kwa kufuta kila kona mpaka pakauke, kwa sababu maji utakayoyaacha ndiyo barafu ya kesho. Usiweke jiko la mkaa mbele ya friji, plastiki ya ndani itajikunja.

Siku umeme umekatika kwa muda mrefu na chakula ni kidogo, itumie kwa kazi hii.

Nofrosti yangu juu inagandisha, chini hakuna ubaridi. Gesi imepungua?

Mara nyingi si gesi, na hapa ndipo watu wengi wanapoteza hela zao.

Kwenye nofrosti bomba la kupoza limejificha nyuma ya plastiki ya friza. Feni inapuliza hewa ipite kwenye bomba hilo, kisha hewa inashuka chini kwa njia yake. Kila baada ya muda, hita iliyo chini ya bomba inawaka na kuyeyusha barafu iliyojikusanya. Hita ikikatika, au kihisi chake kikifa, au taima au bodi ya umeme inayoiamuru ikikosea, barafu inajaa mpaka hewa inakosa pa kupita. Juu panabaki na ubaridi kwa sababu pako karibu na bomba. Chini maziwa yanaharibika. Wakati mwingine utasikia feni ikikwaruza, hiyo ni mapanga yake yanagonga barafu.

Jipimie mwenyewe: toa kila kitu, zima, acha milango yote wazi kwa saa 24, kisha washa. Ikifanya kazi vizuri siku chache halafu ikarudia ugonjwa uleule, tatizo ni mfumo wa kuyeyusha. Fundi afungue ile plastiki na apime hita, kihisi, fyuzi ya joto na taima kwa mita. Ukimwona fundi anafunga geji za gesi, yaani vipimo vya presha, kabla hajafungua hiyo plastiki, msimamishe umuulize kwa nini.

Maji yanatuama chini ya droo za mboga, au yanamwagika sakafuni.

Tundu la kutolea maji limeziba. Lipo ukutani nyuma, juu kidogo ya droo, na huzibwa na kipande cha mchicha au ganda la kitunguu. Chukua bomba la sindano lisilo na sindano, sukuma maji ya uvuguvugu mpaka uyasikie yakidondoka kwenye trei iliyo juu ya kompresa. Kama yanafika kwenye trei lakini bado sakafu inalowa, trei imepasuka au imehama.

Kompresa inalia "tik", inanguruma kidogo, inazima. Baada ya dakika chache inarudia. Imekufa?

Usikubali haraka kwamba imekufa. Ile "tik" ni ovaloodi, kifaa kidogo kinachokata umeme kompresa inapovuta mzigo kupita kiasi. Kazi ya fundi ni kutafuta kwa nini inavuta mzigo, na sababu ziko kadhaa.

Ya kwanza ni umeme mdogo. Volti za Tanzania ni 230, lakini mitaa mingi jioni, watu wote wakiwasha majiko na pasi, zinashuka sana. Feni ikizunguka kivivu na taa zikififia, kompresa nayo haina nguvu ya kuanza. Pima volti kwenye soketi ileile ya friji, wakati kompresa inajaribu kuwaka.

Ya pili ni kuwasha upesi baada ya kuzima. Gesi inatakiwa ipate dakika 3 hadi 5 ili presha ya pande mbili ilingane. Ukichomoa na kuchomeka papo hapo, kompresa inasukumana na presha na ovaloodi inakata. Iache ipumzike, ijaribu tena.

Ya tatu ni rilei. Ni kiboksi kidogo kinachosaidia kompresa kuanza, kimechomekwa ubavuni mwake. Chomoa friji, kitoe, kitikise karibu na sikio. Kikicheza kama kina vipande ndani, kimevunjika. Rilei na ovaloodi vinapatikana kwenye maduka ya spea Kariakoo, na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na kompresa. Kama kuna kapasita, nayo ipimwe.

Baada ya hapo ndipo tunapima kompresa yenyewe. Ina pini tatu: ya pamoja, ya kuwashia na ya kuendeshea. Ukipima kati ya ya kuwashia na ya kuendeshea, unatakiwa upate jumla ya vipimo viwili vingine. Kwa mfano, ukipata om (kipimo cha ukinzani wa umeme) 12 na om 18, cha tatu kiwe om 30. Kisha pima kila pini dhidi ya ganda la chuma la kompresa, isisome chochote. Ikisoma, waya za ndani zimegusa ganda na kompresa hiyo haifai kurudishiwa umeme. Vipimo vikiwa sawa, rilei mpya, volti nzuri, na bado inanguruma bila kuzunguka, basi imenata ndani.

Kompresa za invata, zile zinazobadilisha mwendo zenyewe, ni habari nyingine. Pini zake tatu husoma sawasawa na huendeshwa na bodi ya umeme, hazina rilei. Fundi asijaribu kuiwasha kwa umeme wa moja kwa moja.

Na asije mtu akaunganisha kipande cha waya kuiruka ovaloodi ili "iendelee kupiga kazi". Hiyo ndiyo kinga pekee kati ya kompresa iliyochemka na moto nyumbani kwako.

Kompresa haizimi kabisa, LUKU inaisha haraka. Shida nini?

Kitu cha kwanza ni mahali friji iliposimama. Joto linalotolewa kwenye chakula lazima lipate pa kutokea, ama kwenye wavu mweusi wa nyuma, ama kwenye kuta za pembeni kwa friji zisizo na wavu. Nyumba nyingi za kupanga jiko ni dogo: friji imebanwa kati ya kabati na ukuta, pembeni jiko la gesi, juu yake pamepangwa maboksi, na ukuta wa nyuma unapigwa na jua la mchana. Hapo hata friji mpya haizimi. Iachie nafasi kama sentimita 10 nyuma na hewa kidogo pembeni, uisogeze mbali na jiko. Wavu wa nyuma upigwe brashi laini kila baada ya miezi michache. Vumbi la barabara za mitaani likichanganyika na mafuta ya kukaangia linatengeneza utando ambao hewa haipiti.

La pili watu hawaliangalii kabisa wanaponunua friji za mtumba kutoka Ulaya. Kwenye kibandiko cha ndani kuna herufi za hali ya hewa. N au SN maana yake imetengenezwa kwa chumba kisichozidi nyuzi joto 32. ST inafika 38, na T inafika 43. Dar kuanzia Desemba hadi Machi mchana unafika nyuzi 32 na kuzidi, na jikoni chini ya bati ni zaidi ya hapo. Friji ya N itahangaika kutwa na haitafika ubaridi unaotaka, hata kama haina ubovu wowote. Ukienda kununua, soma kibandiko kabla hujajadili bei. Chagua T, au ST ikibidi.

Mengine ni yale ya juu: raba, barafu nene, themostati. Na gesi iliyopungua, ambayo nitaieleza hapa chini.

Kompresa ni ya moto sana, siwezi kuishika. Na kuta za pembeni zina joto.

Kuta zenye joto ni kawaida, mabomba ya kutolea joto yamepita humo. Kompresa nayo huwa ya moto ikiwa kazini. Wasiwasi uanze ikiwa inazima yenyewe kwa joto, au ukisikia harufu ya kuungua.

Friji gadi inasaidia kweli, au ninunue stabilaiza?

Friji gadi inakata umeme ukiwa mdogo mno au mkubwa mno, na umeme ukirudi inasubiri dakika chache kabla ya kuuruhusu. Huko kusubiri ndiko kunakookoa kompresa, maana umeme ukirudi baada ya kukatika mara nyingi unacheza. Kwa nyumba nyingi inatosha, nami ningependa kila friji ya mji huu iwe nayo. Lakini haiongezi volti. Kama mtaa wenu umeme ni mdogo kila jioni, friji gadi itakaa imekata na chakula kitaharibika. Hapo unahitaji stabilaiza, tena yenye uwezo mkubwa kuliko wati zilizoandikwa kwenye friji, kwa sababu kompresa inapoanza inavuta umeme mara kadhaa zaidi ya kawaida. Mkiwa majirani wengi mna shida hiyo, pelekeni taarifa TANESCO kwa pamoja.

Usiunganishe friji kwenye ekstensheni nyembamba yenye TV na pasi. Na ukipigwa shoti kidogo ukishika mlango, usiizoee. Chomoa, fundi umeme akague waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme ardhini.

Fundi amesema gesi imeisha, anataka kujaza. Nikubali?

Gesi ya friji haiishi kama ya mtungi wa kupikia. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na gesi ileile ya kiwandani inatakiwa ifanye kazi mpaka friji izeeke. Ikipungua, imevuja. Kwa hiyo swali lako la kwanza kwa fundi ni: imetokea wapi?

Dalili ya gesi kupungua kwenye friji ya kawaida ni barafu kushika upande mmoja tu wa friza, pale gesi inapoingilia, huku kwingine pakiwa pakavu na kompresa haizimi. Sehemu za kuvujia zinajulikana: tundu la kisu, viungo vilivyochomelewa, na mabomba ya chini yaliyokula kutu. Nyumba za karibu na bahari, Kigamboni, Msasani, Kunduchi, hewa ya chumvi inakula chuma haraka, na viungo vya kompresa huanza kuonyesha ukijani.

Kujaza gesi bila kuziba ni kununua wiki chache za ubaridi. Kazi sahihi ina mpangilio wake. Mfumo unajazwa naitrojeni kwa presha, viungo vinapakwa povu la sabuni, tundu linatafutwa na kuzibwa. Draya, ile filta ndogo ya shaba, inabadilishwa kila mfumo unapofunguliwa. Kisha pampu ya vakyumu inavuta hewa na unyevu wote. Mwisho gesi inaingizwa kwa kupimwa kwenye mizani, gramu zilezile zilizoandikwa kwenye kibandiko. Friji za R600a hutumia gesi kidogo sana, mara nyingi chini ya gramu 100, hivyo kukisia kwa geji peke yake ni kubahatisha.

Gesi iwe ileile iliyoandikwa. R134a na R600a hazichanganywi, hata oili za kompresa zake ni tofauti. Friji kuukuu sana zilikuwa na R12, iliyoachwa kwa sababu ya kuharibu tabaka la ozoni chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987. Kuna wanaoweka gesi ya kupikia humo. Usikubali ndani ya nyumba yako: ina harufu iliyoongezwa na haikusafishwa kwa kazi hii, na kibandiko kitaendelea kumwambia fundi atakayefuata kwamba ndani mna gesi isiyowaka. Fundi huyo akiwasha moto wa kuchomelea ataumia. Hata kwa R600a halali, gesi itolewe nje kwanza, madirisha wazi, kabla moto haujasogea.

Fundi mzuri hakasiriki kuulizwa haya. Aliyepitia mafunzo, kwa mfano ya VETA pale Chang'ombe, atakujibu huku akiendelea na kazi.

Inapoa vizuri, inaacha, baada ya saa kadhaa inapoa tena yenyewe.

Kuna unyevu ndani ya mfumo. Tone la maji linaganda kwenye mdomo wa bomba jembamba la kapilari na kuziba njia ya gesi. Ubaridi ukipotea tone linayeyuka, njia inafunguka, inaanza upya. Hutokea sana baada ya ukarabati uliofanywa bila vakyumu. Dawa ni draya mpya na vakyumu ya kutosha, na aliyefanya kazi ya kwanza arudi kuirekebisha.

Nibadilishe kompresa au ninunue friji nyingine?

Gharama ya kompresa, gesi na ufundi ikikaribia nusu ya bei ya friji nyingine nzima, na friji yako ina kutu chini na raba zimechoka, usiitengeneze. Kama bodi ya nje ni nzima na umbo bado ni imara, kompresa mpya inalipa. Iwe ya nguvu ileile na gesi ileile. Kompresa ya mtumba ni bahati nasibu, nikikushauri kwa dhati: usiichukue bila kuandikiwa dhamana ya miezi kadhaa.

Ukiisafirisha kwa guta au kirikuu, friji isimame wima. Ikilazimika kulala, ikifika isimamishe saa kadhaa kabla ya kuwasha ili oili irudi kwenye kompresa.

Umeme umekatika. Chakula kitakaa muda gani?

Mlango ukibaki umefungwa, friji inalinda chakula kwa muda wa saa 4 hivi. Friza iliyojaa inaweza kufika saa 48, iliyojaa nusu saa 24, lakini kwa joto la Dar na friza yenye raba mbovu usitegemee kufika huko. Sogeza vitu vishikane, jaza nafasi tupu kwa chupa za maji ya barafu, na waambie watoto wasifungue kuchungulia.

Nyama au samaki wa Feri aliyeanza kulainika lakini bado ana chembe za barafu ndani anaweza kugandishwa tena, ingawa ladha itapungua. Aliyeyeyuka kabisa na bado ni wa baridi, mpike siku hiyohiyo. Mchuzi wa nazi, maziwa na wali uliopikwa vikishakaa kwenye joto zaidi ya saa 2, vitupe hata kama havijaanza kunuka.